Watu Wawili Waliovaa Barakoa

"Nianzie wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la mgeni wa besiboli, na wengi hawalirudii kwa sababu ya majibu wanayopewa. Kijana aliyehamia Minneapolis au Toronto anakuta wenzake kazini hawana mazungumzo mengine tangu mwisho wa Machi hadi Oktoba. Akiomba aeleweshwe, anamwagiwa kanuni: hiki kituo, ile mistari, hii adhabu, isipokuwa ikiwa hivi, ila kama vile. Dakika tano baadaye kichwa kinamzunguka, na mpira bado haujarushwa.

Sura hii inapita njia nyingine. Mashabiki wakongwe hawakufundishana mchezo huu kwa kitabu cha kanuni. Walitegeana mafumbo wakiwa wamekaa majukwaani kusubiri mvua ikatike, au ndani ya basi wakirudi kutoka uwanjani. Kila fumbo limebeba kanuni moja, tena pale pale inapouma. Ukihangaika nalo, kanuni hiyo haikutoki tena. Besiboli ina utajiri huu kwa sababu kanuni zake hazikutungwa mezani kwa siku moja. Nyingi ziliwekwa kuziba tundu ambalo mjanja fulani alikwisha kupita.

Basi, kitendawili.

Aliyeondoka nyumbani akikimbia

Mtu aliondoka nyumbani akikimbia. Akapinda kushoto, akapinda kushoto tena, akapinda kushoto mara ya tatu. Aliporudi nyumbani akawakuta watu wawili wamevaa barakoa wanamsubiri. Ni akina nani?

Asiyejua besiboli atasema majambazi. Jibu ni mdakaji na mwamuzi, na ndani ya jibu hilo uwanja mzima umechorwa.

Uwanja una vituo vinne vilivyopangwa mraba, na umbali kati ya kituo na kituo ni mita 27.4. Kituo cha mwanzo huitwa nyumbani. Ni bamba jeupe lililolazwa ardhini, na hapo ndipo mpigaji anaposimama na gongo lake. Akiupiga mpira vizuri anakimbia kwenda kituo cha kwanza kilicho mkono wake wa kulia, kisha cha pili, cha tatu, halafu anarudi nyumbani, kila mara akipinda kushoto. Akifika nyumbani salama, timu yake imepata mkimbio mmoja. Mikimbio ndiyo inayohesabiwa kama mabao.

Katikati ya mraba, mita 18.4 kutoka nyumbani, anasimama mrushaji. Yeye hutupa mpira kwa nguvu kuelekea nyumbani, na kazi yake ni kumfanya mpigaji ashindwe. Nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji anayeupokea mpira, na nyuma ya mdakaji yupo mwamuzi. Hawa wawili hufunika nyuso kwa sababu mpira unaweza kuja kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa.

Mpira ukipita juu ya bamba, katika usawa wa kati ya magoti na kifua cha mpigaji, ni straiki, hata kama hakuinua gongo. Akipiga hewa pia ni straiki. Mpira ukipita nje ya eneo hilo naye akauacha, ni boli. Straiki tatu, ametoka. Boli nne, anapewa kituo cha kwanza bure. Zipo njia nyingine za kutoka, kwa mfano mpira wake kudakwa hewani, au mpira kufika kituo cha kwanza kabla yake. Watu watatu wakitoka, timu zinabadilishana: iliyokuwa ikipiga inaingia kulinda. Kila timu ikishapiga mara moja, awamu moja imekwisha, na mechi ina awamu tisa.

Waliocheza raunda katika shule za msingi za Kenya watakuwa wamekwisha kuona undugu wa michezo hii miwili.

Kwa kifupi, mambo matatu yashike, maana mafumbo yote yanayofuata yameegemea hapo:

- Kila timu hutolewa watu watatu kwa awamu, yaani 27 kwa mechi ya kawaida.
- Mpigaji ana straiki tatu tu; mrushaji akifikisha boli nne, mpigaji anapewa kituo.
- Mechi haifungwi na saa. Inaisha watu wakiisha kutolewa, hata ikifika alfajiri.

Watatu wanatakiwa, wanne wametolewa

Kama awamu inaisha watu watatu wakitoka, mrushaji anawezaje kuwatoa wapigaji wanne kwa straiki katika awamu moja?

Mgeni husema haiwezekani. Lakini Chuck Finley alifanya hivyo mara mbili mwaka 1999, na mara nyingine mwaka 2000.

Siri iko kwenye mikono ya mdakaji. Straiki ya tatu haimmalizi mpigaji mpaka mdakaji aushike mpira kabla haujagusa chini. Ukimponyoka, mpigaji ana ruhusa ya kutimua mbio kwenda kituo cha kwanza, na akifika kabla ya mpira yuko salama. Katika daftari mrushaji anaandikiwa kwamba amemtoa mtu kwa straiki, lakini uwanjani mtu huyo yupo, amesimama kituoni anahema. Kwa hiyo mrushaji anahitaji kumtoa mwingine.

Straiki ya tatu iliyoponyoka inaweza kuivunja timu moyo. Tarehe 5 Oktoba 1941, katika World Series, yaani mfululizo wa fainali unaomtoa bingwa, Brooklyn Dodgers walikuwa mbele ya New York Yankees kwa 4-3. Ilikuwa awamu ya tisa, wawili wamekwisha kutoka, na Tommy Henrich wa Yankees akapiga hewa kwa straiki ya tatu. Mechi imekwisha! Ila mpira ulimponyoka mdakaji Mickey Owen. Henrich akakimbia akafika. Baada yake Yankees wakapata mikimbio minne, wakashinda 7-4, na siku iliyofuata wakatwaa ubingwa. Owen alikuwa mdakaji hodari wa kikosi chake, naye aliishi miaka mingi baada ya pale huku watu wakimkumbuka kwa mpira huo mmoja. Naona huko ni kumwonea. Awamu nane na zaidi aliudaka kila uliokuja.

Katika historia yote ya World Series ni mrushaji mmoja tu aliyewatoa wanne kwa straiki katika awamu moja: Orval Overall wa Chicago Cubs, mwaka 1908. Mwaka huo Cubs walichukua ubingwa, kisha wakakaa miaka 108 bila kuuona tena, hadi 2016. Shabiki wa Cubs atakuongezea, bila kuulizwa, kwamba mpira wa besiboli una mishono miwili miwili 108.

Kuna sharti moja katika kanuni hii ambalo watu hulisahau. Mpigaji anaruhusiwa kukimbia iwapo tu kituo cha kwanza kiko wazi, au iwapo wawili wamekwisha kutoka. Kwa nini? Kwa sababu bila sharti hilo mdakaji mwerevu angeuangusha mpira makusudi. Waliosimama vituoni wangelazimika kukimbia ili kumpisha mpigaji, na mdakaji angewatoa wawili kwa mpigo. Sharti lipo kwa sababu ya mjanja huyo.

Mpira umeanguka chini, na aliyeupiga ametoka

Fumbo hili ni ndugu wa lile lililotangulia. Mpigaji ameuinua mpira juu sana, karibu na vituo. Mlinzi amekaa chini yake, halafu ukamponyoka ukaanguka. Mwamuzi anasema mpigaji ametoka. Kwa nini, ilhali hakuna aliyedaka?

Jiweke mahali pa mkimbiaji aliye kituo cha kwanza, mwenzako yuko kituo cha pili. Mpira uko hewani. Ukidakwa ukiwa umeondoka kituoni, wanaweza kukutoa. Kwa hiyo unabaki. Sasa mlinzi anauacha uanguke makusudi. Ghafla mpigaji anatakiwa kituo cha kwanza, wewe unatakiwa cha pili, mwenzako cha tatu, na wote mmesimama kama nguzo. Mlinzi anauokota, anautupa, wawili wametoka. Ukikimbia umekosea, ukibaki umekosea.

Walinzi wa karne ya 19 walikuwa mabingwa wa hila hiyo, ndiyo maana kanuni ikaletwa kabla karne haijaisha. Kama kituo cha kwanza na cha pili vina watu, au vyote vitatu, na hawajatoka wawili, basi mpira rahisi wa juu karibu na vituo humtoa mpigaji pale pale mwamuzi anapotamka, udakwe usidakwe. Ukisikia uwanja mzima wa Marekani unazomea na mgeni pembeni yako anauliza kumetokea nini, huenda ni hii.

Germany Schaefer wa Washington ameacha kanuni yake pia. Mwaka 1911, akiwa kituo cha kwanza na mwenzake kituo cha tatu, alichomoka kwenda cha pili. Alitaka mdakaji amtupie mpira, ili yule wa cha tatu apate upenyo wa kukimbilia nyumbani. Mdakaji hakudanganyika, alitulia na mpira wake. Schaefer naye akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: mrushaji aliporusha tena, alikimbia kurudi kituo cha kwanza, ili ajaribu upya. Baadaye kanuni ikaandikwa kwamba anayekimbia vituo kinyume ili kuwachanganya walinzi ametoka.

Mapigo sita, mikimbio sifuri

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Timu imepata mapigo safi sita katika awamu moja. Pigo safi ni lile linalomfikisha mpigaji kituoni salama bila mlinzi kukosea. Wapigaji sita, mapigo sita, na hakuna hata mkimbio mmoja. Imekuwaje?

Kaa nalo kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Vituo ni vitatu ukiacha nyumbani. Wakijaa watatu, wa nne si lazima amsukume mtu nyumbani? Na wametoka akina nani, kama wote sita wamepiga vizuri?

Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Tanga? Haya, nimekwenda Tanga, nimepokewa vizuri, na jibu ni hili:

1. Mpigaji wa kwanza anapiga, anafika kituo cha kwanza. Anajaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukimbia mrushaji anaporusha, na anakamatwa. Mmoja ametoka.
2. Wa pili anapiga, anafika, anajaribu wizi ule ule, anakamatwa. Wawili.
3. Wa tatu, wa nne na wa tano wanapiga mapigo mafupi, kila mmoja akisogea kituo kimoja kimoja. Vituo vyote vimejaa.
4. Wa sita anapiga, na mpira unamgonga mwenzake anayekimbia kati ya vituo.

Kanuni inasema mkimbiaji aliyeguswa na mpira uliopigwa ametoka, na mpigaji anaandikiwa pigo safi. Watatu wametoka, mapigo sita, mikimbio sifuri.

Kwa nini mkimbiaji atolewe kwa jambo ambalo huenda hakulikusudia? Bila kanuni hiyo angeweza kuuzuia mpira kwa mguu kabla haujamfikia mlinzi, na hakuna mwamuzi ambaye angethibitisha nia yake. Kanuni iliona heri kuacha kuchungulia mioyo ya watu.

Fumbo hili linaonyesha pia kwa nini besiboli imezaa maswali mengi kupita michezo mingine. Kila tukio lina mwanzo na mwisho: mpira unarushwa, jambo linatokea, linaandikwa. Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyezaliwa Uingereza na kukulia Brooklyn, ndiye aliyeueneza katika karne ya 19 utaratibu wa kuandika mechi kwa jedwali dogo gazetini. Kwa majedwali hayo msomaji anaweza leo kuiangalia mechi ya miaka mia moja iliyopita, mpigaji kwa mpigaji, na kuuliza: hawa sita walikwenda wapi?

Hakumpitisha mtu, na alishindwa

Mrushaji akiwatoa wapigaji wote 27 mfululizo, bila hata mmoja kufika kituoni kwa pigo, kwa boli nne au kwa kosa la mlinzi, hiyo huitwa mechi kamili. Katika historia ndefu ya Ligi Kuu ya Marekani, yenye maelfu kwa maelfu ya mechi, zimetambuliwa 24 tu hadi ile ya Domingo Germán mwaka 2023. Moja pekee ilitokea katika World Series, nayo ni ya Don Larsen mwaka 1956.

Swali: ni nani aliyewatoa wapigaji 36 mfululizo, tisa zaidi ya mechi kamili, na akashindwa?

Harvey Haddix wa Pittsburgh Pirates, tarehe 26 Mei 1959, mjini Milwaukee. Siku hiyo alikuwa anaumwa mafua. Awamu tisa zilipita bila mtu wa Milwaukee Braves kufika kituoni. Tabu ni kwamba wenzake nao walishindwa kupata mkimbio, ingawa walipata mapigo safi 12 kwa mrushaji wa upande wa pili, Lew Burdette. Na mchezo huu kwa kawaida hauna sare ya kupeana mikono. Haddix akarusha awamu ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Bado hakuna aliyepita.

Awamu ya 13, mlinzi Don Hoak alikosea kutupa mpira, na Félix Mantilla akafika kituo cha kwanza. Ukamilifu umevunjika, si kwa mkono wa Haddix. Eddie Mathews akajitoa mhanga kwa pigo dogo la kumsogeza Mantilla. Hank Aaron akapewa kituo makusudi. Kisha Joe Adcock akaupiga mpira ukavuka ukuta.

Mpira ukivuka ukuta hewani huitwa homurani: mpigaji na wote walio vituoni wanarudi nyumbani bila kuzuiwa. Ingekuwa 3-0. Lakini Aaron alidhani mechi imekwisha Mantilla alipofika nyumbani, akaacha njia na kuelekea benchi, na Adcock akampita. Kanuni hairuhusu mkimbiaji kumpita aliye mbele yake. Adcock akahesabiwa ametoka, homurani yake ikawa pigo la vituo viwili tu, na ligi ikatangaza matokeo kuwa 1-0.

Mwaka 1991 ligi ilibana maana ya mechi kamili, na jina la Haddix likaondolewa kwenye orodha, kwa kuwa wapinzani walifika kituoni kabla mechi haijaisha. Kisheria ni sawa. Lakini ukinitaka nitaje mechi bora kuliko zote alizowahi kurusha binadamu, nitataja hiyo, orodha itake isitake.

Jamaa wa karibu wa fumbo hilo: nani alikutana na wapigaji 26 tu, na kwenye kumbukumbu ametoa watu 27? Tarehe 23 Juni 1917 mrushaji wa Boston, kijana aitwaye Babe Ruth, ambaye baadaye angekuwa mpigaji maarufu kupita wote, alimpa mpigaji wa kwanza boli nne. Akagombana na mwamuzi, akafukuzwa, na kabla ya kutoka akamrushia ngumi. Ernie Shore akaingia badala yake. Yule aliyekuwa kituoni akajaribu kuiba, akakamatwa. Shore akawatoa 26 waliofuata, wote.

Halafu kuna mtu aliyetoa 28. Tarehe 2 Juni 2010, Armando Galarraga wa Detroit alikuwa amewatoa 26 mfululizo. Wa 27, Jason Donald wa Cleveland, aligonga mpira chini na akakimbia. Mpira ulifika kituo cha kwanza kabla yake, kila mtu aliona, isipokuwa mwamuzi Jim Joyce, aliyeamua kwamba Donald yuko salama. Galarraga alitabasamu, akarudi mahali pake, akamtoa anayefuata. Joyce alipoona picha za video alikiri mbele ya waandishi kwamba amemnyang'anya kijana yule mechi kamili, na akamwomba radhi. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea Joyce karatasi ya majina ya wachezaji kabla ya mechi, na mwamuzi akafuta machozi mbele ya uwanja mzima. Wakati ule video iliruhusiwa kuamua homurani tu. Tangu 2014 uamuzi kama ule unaweza kukatiwa rufaa pale pale. Tundu limezibwa, na Galarraga bado hayumo kwenye orodha ya 24.

Mtu mmoja, timu mbili

Mchezaji anaweza kupata pigo safi kwa timu mbili tofauti, katika miji miwili, siku moja? Joel Youngblood, 4 Agosti 1982. Mchana alipiga akiwa na New York Mets mjini Chicago. Katikati ya mechi akaambiwa ameuzwa kwa Montreal Expos, ambao jioni walikuwa wanacheza Philadelphia. Akapanda ndege, akafika mechi ikiendelea, akaingizwa, akapiga tena. Wanaoijua hadithi hii vizuri huuliza swali la pili: ni kina nani waliomrushia? Ferguson Jenkins mchana na Steve Carlton usiku, na wote wawili wamo katika jumba la heshima la besiboli lililoko Cooperstown.

Basi je, mchezaji anaweza kuchezea timu zote mbili katika mechi moja? Hapa hata wakongwe walikuwa wakisema hapana, mpaka Agosti 2024. Tarehe 26 Juni mwaka huo Danny Jansen wa Toronto alikuwa amesimama na gongo lake mjini Boston, na mvua ikanyesha. Mechi ikasimamishwa ili imaliziwe baadaye. Mwezi uliofuata Boston wakamnunua Jansen. Mechi iliporudi tarehe 26 Agosti, Toronto walimweka mwingine amalizie zamu yake ya kupiga, na mdakaji aliyechutama nyuma ya huyo aliyemrithi alikuwa Jansen mwenyewe, sasa kwa jezi ya Boston. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake katika Ligi Kuu.

Maswali ya haraka ya kutegana njiani

*Ni siku gani wachezaji wote wa Ligi Kuu huvaa namba moja ile ile mgongoni?* Tarehe 15 Aprili, na namba ni 42. Tarehe hiyo mwaka 1947 Jackie Robinson alivunja ukuta uliowazuia Weusi kucheza Ligi Kuu tangu karne ya 19. Namba yake ilistaafishwa kwa timu zote mwaka 1997. Waliokuwa wakiivaa waliruhusiwa kuendelea nayo, na wa mwisho wao, Mariano Rivera, aliondoka mwaka 2013.

*Wachezaji wanaotajwa kuwa mdogo na mkubwa kuliko wote kwa umri katika karne ya 20?* Joe Nuxhall alirusha kwa Cincinnati mwaka 1944 akiwa na miaka 15, wakati vita vimechukua vijana wengi. Satchel Paige alirusha awamu tatu kwa Kansas City mwaka 1965 akiwa na miaka 59.

*Nani alivaa namba 1/8?* Eddie Gaedel, mtu mfupi wa sentimita 109, aliyeingizwa kupiga mara moja tu kwa St. Louis Browns mwaka 1951. Kumbuka eneo la straiki ni kati ya magoti na kifua: kwake lilikuwa finyu mno. Akapewa boli nne mfululizo. Ligi ikamzuia asirudi tena.

*Mechi ndefu kuliko zote?* Katika Ligi Kuu kwa hesabu ya awamu, ni ya Brooklyn na Boston, 1 Mei 1920: awamu 26, sare 1-1, giza likawafukuza. Warushaji Leon Cadore na Joe Oeschger walianza na kumaliza, kila mmoja peke yake. Katika ligi za chini ni Pawtucket na Rochester mwaka 1981: awamu 33. Ilisimamishwa saa kumi alfajiri, watazamaji 19 wakiwa wamebaki, na ikamalizwa miezi miwili baadaye. Sitarajii rekodi hizi kuvunjwa, maana tangu 2020, katika msimu wa kawaida wa Ligi Kuu, kila timu huwekewa mtu kituo cha pili kuanzia awamu ya kumi ili mechi iishe mapema.

*Mwafrika wa kwanza kutoka barani kucheza Ligi Kuu?* Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi katika klabu ya besiboli huko Randburg, naye akakulia hapo hapo klabuni. Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh, aliingia kupiga kwa mara ya kwanza na akapata pigo safi.

*Timu ya kwanza ya Afrika katika mashindano ya dunia ya watoto ya Little League, huko Williamsport, Pennsylvania?* Wengi hutaja Afrika Kusini. Ni watoto wa Lugazi, Uganda, mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla yake watoto wengine wa Uganda walifuzu lakini wakanyimwa viza. Mwaka 2015 Uganda ikaifunga Jamhuri ya Dominika 4-1, nchi ambayo besiboli kwake ni kama kandanda kwetu.

Jibu linapobadilika

Swali la mwisho limewagombanisha mashabiki wengi. Nani ana wastani wa juu kabisa wa kupiga katika maisha yote ya uchezaji? Wastani wa kupiga ni mapigo safi ukigawanya kwa mara ambazo mtu alipata nafasi rasmi ya kupiga. Mwenye 0.300, yaani mara tatu katika kumi, ni mpigaji mzuri sana.

Vizazi kwa vizazi jibu lilikuwa Ty Cobb, mwenye 0.367. Mtoto wa shule aliijua namba hiyo kwa moyo. Leo jibu ni Josh Gibson, mwenye 0.372.

Gibson hakucheza jana. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya siku ya Robinson. Alikuwa mdakaji wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, katika ligi ambazo Weusi waliziunda wenyewe baada ya kufungiwa mlango. Ligi hizo zilikuwa na mabingwa wao, magazeti yao, na watazamaji wao waliojaa viwanja. Desemba 2020 Ligi Kuu ilizitambua ligi saba kati ya hizo, za miaka 1920 hadi 1948, kuwa na hadhi sawa na yake. Mei 2024 takwimu zao ziliingizwa katika kumbukumbu rasmi, na Gibson akapanda juu ya wote. Wastani wake wa mwaka 1943, 0.466, nao ukawa rekodi ya msimu mmoja.

Wapo wanaolalamika kwamba Cobb aliingia kupiga zaidi ya mara 11,000, na kwamba za Gibson zilizoandikwa ni sehemu ndogo tu ya hizo. Hesabu yao ni ya kweli, lakini hoja hainishawishi. Misimu ya ligi za Weusi ilikuwa mifupi kwa sababu timu zililazimika kuzunguka vijijini kucheza mechi za kutafuta nauli na chakula, ambazo hazimo katika takwimu. Aliyenyimwa uwanja hawezi kulaumiwa kwa kutocheza sana.

Ligi yenyewe ilisema rekodi zilizokusanywa mpaka hapo ni kama robo tatu ya zote. Watafiti bado wanafukua magazeti ya zamani ya Weusi, jedwali moja baada ya jingine, kwa hiyo hata 0.372 inaweza kusogea. Kitabu cha maswali ya besiboli kilichochapishwa kabla ya Mei 2024 hakifai kutupwa. Chukua kalamu, ukate jina la Cobb kwenye jibu hilo, na uandike juu yake la Gibson.